Mkanda wa Siti ya Nyuma

Kuanzia Oktoba ya mwaka 2017 mpaka Novemba ikakaribia kwisha, Joyceline aliwauliza wauza magari wote wa Euless na Irving, pembeni mwa Dallas, Texas, swali moja tu. Redio hakuuliza, rangi hakuuliza. Alikuwa anaingia siti ya nyuma, anafunga mlango, anafumba macho kama mtu anayesali, kisha anashusha kioo na kusema, "Likizimika mlimani kwenye theluji na watoto wamo ndani, inakuwaje?"

Wauzaji walikuwa wanacheka. Mmoja, mwenye tai nyekundu, akamwapia kwamba gari lile halizimiki kamwe. Joyceline alishuka palepale.

"Twende zetu," akamwambia mumewe. "Mtu anayekuapia kwamba chuma hakiharibiki, huyo ni wa kukimbia."

Mumewe, Vicent, alikuwa anatamani ardhi ipasuke aingie. Alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanja mkubwa wa ndege, mtu wa miraba minne, mcheshi, asiyeogopa kitu. "Jamani, Mama Adela," akawa anamwambia njiani, "sisi si watu wa Kilimanjaro? Mimi na wewe tumekua theluji tunaiona kila asubuhi. Leo unaiogopa?"

"Theluji ya kwetu ilikuwa inakaa kule juu na sisi tunakaa chini," Joyceline akajibu. "Tulikuwa tunaheshimiana. Hii ya Colorado unanipeleka mpaka nyumbani kwake, na wanangu umewafunga kwenye siti."

Na safari yenyewe haikuwa ya kutalii, msije mkadhani. Clothilde, mdogo wake Joyceline, alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto alitarajiwa wiki ya kwanza ya Januari. Aliishi kwenye mji mdogo milimani huko Colorado, mumewe anafanya kazi hotelini, zamu juu ya zamu. Mama yao alikuwa amenyimwa viza mara mbili. Sasa mzazi wa Kichaga ajifungue, akae peke yake, anywe supu ya kopo? Thubutu! Lazima awepo mtu wa kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia mtori, na mtu huyo alikuwa Joyceline. Ndizi za mtori zingetoka Dallas, makasha mawili, pamoja na sufuria, blanketi, nguo za mtoto, Adela mwenye miaka tisa na Florent mwenye minne. Mzigo wote huo na watu wote hao, ndege haikuwa ya kufikiria. Wangeendesha siku mbili kupitia Amarillo mpaka Raton, na kuanzia Raton ni milima mitupu.

Kuogopa kwake kulikuwa na mwanzo. Miaka minne nyuma, Desemba ile barafu ilipoifunika Dallas, alikuwa anatoka kazini hospitali, Adela yuko siti ya nyuma. Juu ya daraja la barabara kuu Corolla yao ikateleza, ikazunguka yenyewe mara mbili, usukani mwepesi mikononi kana kwamba haukuunganishwa na kitu, ikasimama inatazama walikotoka. Hawakuumia hata ukucha. Lakini tangu siku hiyo, akipanda daraja tu viganja vinalowa jasho. Muuguzi huyu, anayeona damu kila siku bila kupepesa, ukimtajia barabara yenye barafu anabadilisha mazungumzo.

Jirani yao wa ghorofa ya juu, Truphosa, Mkenya, muuguzi mwenzake, aliwaambia mapema kabisa. "Si mchukue van yangu? Hiyo gari imenipeleka Colorado mara mbili na haijawahi nisumbua hata siku moja. Tairi za snow niko nazo pia."

Vicent aliitazama van ile pale chini, mlango mmoja wa rangi tofauti, bampa limeshikiliwa na utepe wa gundi. "Ile ya kubebea kuku?" akasema kwa Kiswahili cha kunong'ona ambacho Truphosa alikisikia vizuri sana. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ndipo Modestus akapiga simu kutoka Houston.

Hapa nisimame kidogo. Kwa watu wetu walioko kule, kuna mtu mmoja ambaye humbishii: yule aliyekupokea. Aliyekuja kukuchukua uwanja wa ndege ukiwa na begi moja na bahasha ya makaratasi, akakulaza sebuleni kwake, akakufundisha kuendesha upande wa kulia, akakutafutia kazi ya kwanza. Huyo hata mkionana baada ya miaka ishirini unamwamkia shikamoo na kumpokea alichobeba. Akikupa kitu hukikagui. Kukikagua ni kumtukana, na habari zitafika Rombo kabla ya misa ya Jumapili. Vicent alilala kwenye kochi la Modestus miezi saba. Alifunikwa shuka la Modestus, akala kwa Modestus, na harusi yake Modestus ndiye aliyesimama upande wa baba.

"Mdogo wangu," Modestus akasema kwenye simu, "nasikia mnahangaika na magari. Chukueni langu. Unalijua."

Vicent alilijua. Lilikuwa gari kubwa la rangi ya fedha, siti saba, linavuta matairi yote manne. Alishalipanda mara nyingi. Uso ukamng'aa kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli.

"Muulize habari za mafuriko," Joyceline akamnong'oneza kutoka pembeni. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu kimbunga cha Harvey kuizamisha Houston.

Modestus akasikia, akacheka. "Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi. Siku zile gari lilikuwa kazini kwangu, ghorofa ya nne ya maegesho. Tone la maji halikuligusa."

"Basi, Kaka, imekwisha," Vicent akasema. Akakata simu na kupiga makofi.

"Imekwisha nini? Tutalipeleka kwa fundi kwanza alitazame," Joyceline akasema.

"Nani? Gari la Kaka Modestus nilipeleke kwa fundi?" Vicent akamtazama kama aliyesikia tusi kanisani. "Joyce, una akili timamu kweli?"

Hivyo ndivyo uchaguzi wa gari ulivyokwisha, baada ya wiki saba za Joyceline kufumba macho kwenye siti za watu.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba wakateremka Houston na ile Corolla, wote wanne. Mtaa wa kabla ya kwa Modestus ulikuwa bado una marundo mbele ya nyumba: makochi yaliyovimba, magodoro meusi, milango ya kabati. Adela aliyahesabu mpaka kumi na moja, akachoka. Joyceline alipandisha kioo ingawa hakukuwa na baridi.

Nyumba ya Modestus ilikuwa kwenye mwinuko, haikuguswa. Mwenyewe alitoka nje kuwapokea, mtu mzima, mpole wa sauti, lakini amepungua. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Mkewe, Glory, mwanamke ambaye siku zote kicheko chake unakisikia ukiwa bado barabarani, siku ile alisalimia akarudi jikoni. Joyceline alidhani wamegombana. Mambo ya ndani ya watu, akayaacha.

Gari lilikuwa linameremeta. Modestus alipofungua mlango, manukato ya malimau yakatoka kwa nguvu mpaka yakamchoma Joyceline puani.

"Mama, linanuka kama swimming pool," Adela akasema.

"Limeoshwa vizuri ndiyo maana," Vicent akamjibu haraka.

Joyceline akazunguka nyuma, akafungua buti, akashika ncha ya kapeti alifunue mahali pa tairi la akiba. Hakuwa amelifunua hata kiganja kimoja.

"Shemeji!" Modestus akasema, anacheka. "Unanikagua kama trafiki wa Himo?"

Wote wakacheka, Vicent kuliko wote, lakini jicho alilomkata mkewe halikuwa na kicheko ndani yake. Joyceline akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Akaachia kapeti. Loh, mara ngapi baadaye alikumbuka zile sekunde mbili!

Wakala ndizi nyama, wakasali, funguo zikakabidhiwa. Vicent akawa ameshahamishia kiti cha Florent kwenye gari jipya, na Florent mwenyewe amesinzia begani kwake, wakati Glory alipotoka jikoni mikono inachuruzika maji.

"Hapana," akasema. "Watoto wakae na mama yao. Kwenye gari lao."

"Dada Glory, wana hamu na hili jipya," Vicent akasema.

"Nimesema wakae na mama yao!"

Sauti ilitoka kali. Glory akafuta mikono kwenye khanga, akatazama chini. Ndipo Modestus akakifungua kile kiti cha mtoto, akakirudisha kwenye Corolla yeye mwenyewe, akampokea Florent, akamfunga, akauvuta mkanda mara mbili kuhakikisha umeshika. Akambusu mtoto kwenye paji la uso. Joyceline alimtazama akaona aibu tena, safari hii kwa sababu ya mashaka yake. Mtu anayependa watoto wa mwenzake hivi, akajisemea, mimi namkagulia kapeti.

Wakashika barabara ya kurudi Dallas, Vicent mbele, Joyceline nyuma na watoto. Mvua ikaanza walipopita Huntsville. Kufikia saa kumi jioni, karibu na Corsicana, ilikuwa inamwagika kweli, mbingu na lami rangi moja, na malori yanapita yanawarushia maji kioo kizima. Joyceline aliendesha kwa kuzifuata taa mbili nyekundu za mumewe. Alizishikilia kwa macho. Ilimradi zile zipo, barabara ipo.

Walipokuwa juu ya daraja, taa zikazimika.

Hazikufifia. Zilikuwepo, zikawa hazipo. Lile gari kubwa likawa kivuli cha rangi ya fedha ndani ya mvua, na kivuli kile kilikuwa kinazidi kuwa kikubwa, na ilimchukua Joyceline muda kuelewa kwamba kinakuwa kikubwa kwa sababu kimesimama. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Corolla ikaserereka, ikayumba, ikatulia hatua chache nyuma ya gari la Vicent. Kulia ukuta wa daraja, kushoto magari yanapita kwa kasi. Akatazama kioo cha nyuma. Kulikuwa na lori linakuja.

Akawasha taa za hatari. Kingine cha kufanya hakikuwepo. Akiondoka pale, lori litamkuta Vicent kwenye giza la mvua, gari lisilo na taa hata moja. Akibaki, litakutana kwanza na siti ya nyuma, na siti ya nyuma ina watoto. Mwanamke huyu, ambaye watu walimcheka kwa woga, alibaki. Alikuwa analia kwa sauti, "Yesu, Maria, Yesu, Maria," mkono mmoja umebonyeza honi, mwingine umegeuka nyuma umeshika goti la Florent.

Lori lilipiga honi ndefu, likahama njia, likapita. Upepo wake uliitikisa Corolla yote. Adela alikuwa anaita, "Mommy, Mommy," na Joyceline alikuwa bado amebonyeza honi.

Baada ya dakika moja au mbili, taa za mbele yake zikawaka tena kama vile hakuna lililotokea. Gari likaondoka. Walipofika kituo cha mafuta Vicent alishuka, akafungua boneti, akainama humo, akainuka uso umempauka, lakini anatabasamu.

"Waya wa betri umelegea tu," akasema. "Nimeshaubana."

"Vicent, lori lile..."

"Waya, Joyce! Gari lolote linalegea waya."

Ikaja Desemba. Gari likaegeshwa chini ya dirisha lao, na kila ndege iliyopita juu ya Euless ilivitikisa vioo vyake. Vicent alilisugua kila Jumamosi. Joyceline alilipanda mara mbili tu, kwenda kanisani, na mara zote mbili manukato yalikuwa yamepungua na harufu nyingine inachomoza chini yake, kama ya kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo. Chakula kikawa hakimpandi. Clothilde alipiga simu kila siku: dada, miguu imevimba, dada, theluji imefika dirishani, dada, mtafika lini? "Tarehe ishirini na nane mdogo wangu, kila kitu tayari," Joyceline alikuwa anamwambia, na moyoni anaziona zile taa zikizimika, safari hii hakuna lori la kuwakwepa, ni bonde.

Alimweleza Truphosa kazini, wakati wa mapumziko. Truphosa akaweka kikombe chini.

"Houston? Na ulivuta mshipi?"

"Mshipi gani?"

"Wa kujifunga, Joyce. Wa siti ya nyuma kabisa. Uvute mpaka mwisho, mpaka ukatae. Bwanangu ni dereva wa malori, aliniambia hivyo. Hao watu wa kuficha gari za mafuriko huosha gari yote, wanabadilisha kapeti, wanapaka mafuta, lakini mshipi unajificha ndani. Hakuna mtu hukumbuka kuosha mshipi."

Jumapili iliyofuata, tarehe kumi na saba, walipotoka misani, Joyceline alibaki kwenye maegesho. Akawaambia watoto watangulie juu. Akaingia siti ya nyuma kabisa, pale ambapo Adela alishachagua pawe pake safari nzima, akashika mkanda akauvuta.

Ulitoka mweusi, safi, laini. Akavuta. Safi. Akavuta mpaka ukafika mahali mtu wa kawaida hafikishi, hata awe mnene kiasi gani, akazidi kuvuta, na hapo ukawa mgumu, ukawa unakwaruza. Kitu kikamdondokea mapajani. Akakigusa. Ulikuwa mchanga, laini kama unga. Na mkanda wenyewe, kipande kile cha mwisho, ulikuwa wa rangi ya udongo, umekakamaa, na mstari umeukata katikati, juu mweusi, chini kahawia. Akaupima mstari ule kwa mkono kutoka sakafuni. Maji yalifika kifuani kwa Adela akiwa amekaa.

Alibaki ameshika mkanda ule kama aliyeshika nyoka, anaogopa kuuachia usirudi ndani na ushahidi wake.

Vicent alipoitwa alikuja na nguo za kanisani, akautazama mkanda ule. "Ni chai," akasema. "Mtu alimwaga chai."

"Chai ina mchanga?"

"Joyce..."

"Vicent, nitazame. Gari hili lilizama. Lilizama mpaka hapa. Waya zote za chini zimelala kwenye maji, ndiyo maana taa zilikata, na zitakata tena. Mimi wanangu hawapandi hili gari kwenda mlimani. Ng'o!"

"Sasa unataka nifanye nini?" Vicent alipaza sauti mpaka mtu aliyekuwa anatembeza mbwa akageuka. "Nimpigie Kaka Modestus nimwambie yeye mwongo? Mtu aliyenipa shuka lake mwenyewe, yeye akajifunika koti? Nilikuwa sina mtu Marekani nzima hii! Nitaanzia wapi? Afadhali nife huko mlimani kuliko kumwambia mtu yule neno hilo."

"Wewe ufe. Na Adela je?"

Vicent akapangusa mchanga kwenye siti kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepangusa makombo mezani.

"Mpigie wewe, basi," akasema. "Kama unaweza."

Alisema hivyo akijua hawezi. Mke wa mdogo kumwita mkubwa mwongo, tena kwa simu? Joyceline mwenyewe alijua hawezi. Alikaa pale na mkanda mkononi, akawaza. Kumshutumu, haiwezekani. Kumwuliza, ameshaulizwa na ameshajibu, ghorofa ya nne. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa uoga wake tu, uoga ambao ukoo mzima ulishautania.

Akatoa simu, akaweka sauti ya nje, akampa Vicent ishara anyamaze.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko? Watoto wangu?"

"Hatujambo. Shemeji, nina ombi, na usinicheke. Unanijua mimi mwoga."

Modestus akacheka, lakini kidogo. "Tunakujua."

"Mlima unanitisha. Vicent hajawahi kuendesha kwenye theluji, na gari halijui kama wewe unavyolijua. Nimekaa nikawaza, nikaona moyo wangu utatulia ukishika usukani wewe mwenyewe. Uje utupeleke, shemeji. Njiani ni siku nne tu, kwenda na kurudi."

"Ah, shemeji, kazini sasa hivi pamebana sana."

"Najua, kazi. Basi tupe hata Levina." Levina alikuwa binti wa pekee wa Modestus na Glory, miaka kumi na miwili. "Shule zinafungwa, na hajawahi kuona theluji. Mpandishe basi mpaka Dallas, tutampokea. Nimeshampangia pa kukaa, siti ya nyuma kabisa na Adela. Nitamfunga mkanda mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Ndege ilipita juu, ikaisha, na simu bado haijasema kitu. Vicent alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama simu ile. Kule Houston kiti kilikwaruza sakafu, na sauti ya Glory ikasikika, mbali, imekauka.

"Mwambie, baba Levina. Mwambie, au nitawaambia mimi."

"Shemeji," Modestus akasema. Sauti haikuwa yake. "Hilo gari msilipandishe mlimani."

Joyceline akafumba macho.

"Bima ilikuwa imekatika," Modestus akaendelea, maneno yanakimbizana. "Maji yalilikuta kazini, chini, si juu. Nililikausha wiki tatu. Nikaona linawaka, nikasema Dallas hakuna shida, ni kwenda sokoni na kanisani tu. Halafu mkasema mlima. Nilitaka kuwaambia. Kila siku nilitaka..."

"Shikamoo, Kaka," Vicent akasema.

Naam, alimwamkia. Hata saa ile, mdomo wake ulijua njia moja tu ya kuanza kuongea na mtu yule.

"Vicent? Marahaba, mdogo wangu. Kumbe upo."

"Nipo, Kaka. Nikuulize kitu kimoja. Siku ile naondoka hapo kwako, na mvua imetanda. Ulikuwa unajua linaweza kuzimika?"

"Watoto hawakuwemo," Modestus akasema haraka. "Nilihakikisha. Si uliniona? Niliwafunga mwenyewe kwenye gari la mama yao."

"Nilikuona," Vicent akasema. "Na mimi je, Kaka?"

Walisikia pumzi, kisha Glory analia, kisha hata hicho hawakukisikia, na kioo cha simu kikawa cheusi. Vicent aliendelea kuitazama. Joyceline alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kelele, kwa mlango kubamizwa; hakuwa amejiandaa kumwona mumewe amekaa kwenye siti ya nyuma na suti ya kanisani, machozi yanamshuka, na hayafuti.

Tarehe ishirini na sita Desemba, asubuhi, van ya Truphosa ilikuwa imepakiwa. Fundi alikuwa ameilaza juu ya mashine yake siku mbili na kuipindua kila kiungo, na kusema hana la kufanya humo isipokuwa kubadilisha betri na kufunga yale matairi ya theluji. Makasha ya ndizi yalikuwa nyuma, sufuria juu yake. Truphosa mwenyewe alisimama na koti la kazini juu ya nguo za kulalia, hakukumbushia habari ya kuku, na huo ulikuwa wema mkubwa kuliko wa van. Joyceline alikuwa ameshakaa mbele, chupa ya chai mapajani. Viganja vyake vilikuwa vikavu.

"Twende, Baba Adela. Clothilde anasubiri."

"Naja," Vicent akasema.

Lakini hakuja. Alikuwa amepanda kule nyuma, mtu mzima wa miraba minne amejikunja kati ya siti, watoto wamebaki nje na majaketi yao wanamtazama. Alishika mkanda wa kwanza akauvuta mpaka mwisho, akaupitisha kati ya vidole, akaunusa. Ulikuwa safi. Akaurudisha, akavuta wa pili. Ile mikanda ilikuwa saba, na yote aliivuta, na yote ilikuwa safi, na alipomaliza wa saba akarudi tena kwenye ule wa kwanza.